Mwani wa unga, wa kidonge na wa jeli: unakula nini hasa?

Unga wa kijani umejaa kwenye maduka ya dawa, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye mabegi ya wauzaji wanaopita ofisini. Kopo moja limeandikwa spirulina, jingine klorela, na pembeni kuna chupa ya jeli ya mwani wa baharini. Muuzaji anasema vinashusha sukari, vinarudisha nguvu za kiume, vinasafisha damu, vinazibua mirija ya uzazi. Wapo pia wanaosema ni utapeli mtupu, takataka za majini zilizosagwa na kupandishwa bei. Katikati yao kuna mgonjwa wa kisukari anayejiuliza kama sasa anaweza kuacha vidonge vyake.

Asiache. Hilo lisemwe kabla ya mengine yote. Lakini wanaodai kwamba ndani ya kopo hamna kitu nao wamekosea. Mwani ni chakula, tena chakula kizuri, na baadhi ya sifa zake zimepimwa na kuthibitika. Mkanganyiko wote unaanzia kwenye kipimo: sifa zinazotangazwa ni za gramu 100, na mnunuzi anakula gramu 3.

Majina kwanza

Mwani ni jina la kundi kubwa la viumbe vya majini vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama majani ya mti yanavyofanya, ila havina mizizi ya kweli, shina wala maua. Mwingine ni mrefu kupita mnazi. Mwingine ni chembe moja tu isiyoonekana bila darubini. Vinavyouzwa zaidi kama virutubisho vya nyongeza vinatoka katika makundi matatu, na kuyachanganya ndiko kunakozaa nusu ya maneno ya mtaani.

La kwanza ni mwani wa baharini, ambao watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Unguja, kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Wanafunga mbegu kwenye kamba, wanazifunga kamba kwenye vigingi maji yakitoka, na baada ya wiki sita hivi wanavuna na kuanika. Kwale nchini Kenya, katika vijiji kama Kibuyuni na Mkwiro, kazi ni hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa nje na kukamuliwa karagenani, uteute unaogandisha aiskrimu na kushikamanisha dawa ya meno.

La pili ni klorela, mwani wa chembe moja wa maji baridi. Ukuta wa chembe yake ni mgumu kiasi kwamba tumbo la binadamu haliuvunji vizuri, kwa hiyo klorela nzuri ni ile iliyopasuliwa kiwandani, na kopo linapaswa kusema hivyo.

La tatu ni spirulina. Kwa lugha ya wanasayansi hii si mwani hasa, ni bakteria wa rangi ya kijani na buluu anayetumia mwanga wa jua. Neno bakteria lisikutishe, maana mtindi nao ni kazi ya bakteria. Tofauti hii ina maana yake, nayo tutaiona tukifika kwenye vitamini B12.

Na kirutubisho cha nyongeza ni nini? Ni kitu kinacholiwa kwa kipimo kidogo ili kujazia pengo kwenye chakula cha mtu. Dawa hutakiwa kuthibitisha kwa majaribio kwamba inatibu kabla ya kuruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya ugonjwa huo. Kirutubisho hakitakiwi. Kwa hiyo muuzaji anayesema kopo lake linatibu anasema jambo ambalo bidhaa yake haijawahi kudaiwa ilithibitishe.

Chakula cha kale cha Afrika

Matangazo mengi huiita spirulina ugunduzi wa kisasa. Kwenye Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu wamekuwa wakiikusanya kwa vizazi. Wanaichota juu ya maji kwenye madimbwi yenye magadi, wanaimwaga kwenye mchanga ili maji yachujike na jua liikaushe, kisha wanaikata vipande vinavyoitwa dihé. Inapondwa na kupikwa mchuzi pamoja na nyanya, pilipili, samaki au nyama, ikaliwa na ugali wa mtama. Mtu mmoja hula kiasi cha gramu 9 hadi 13 kwa mlo. Mbali sana na huko, Waazteki wa Mexico waliivuna kwenye ziwa Texcoco kabla Wahispania hawajafika, wakaiita tecuitlatl.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua kwa njia nyingine. Flamingo wadogo wa Nakuru, Bogoria, Elmenteita na Natron huishi kwa kuichuja kutoka kwenye maji yenye magadi, na wekundu wa manyoya yao unatoka humo, kwenye rangi za jamii ya karotini.

Kinachostahili kuangaliwa katika mchuzi wa Chad ni kwamba dihé inaliwa kama kitoweo, ndani ya mlo wenye mtama na samaki. Haimezwi vidonge vitatu kwa maji ili kuziba nafasi ya mlo ambao haukuliwa.

Hesabu ya kijiko

Spirulina kavu ina protini ipatayo gramu 57 kwa kila gramu 100, na madini chuma kama miligramu 28. Ni namba kubwa kweli. Kutokana nazo ndipo lilipozaliwa tangazo kwamba ina chuma mara kumi na zaidi ya mchicha, na protini kupita nyama.

Lakini unga huo umekaushwa, na mchicha au nyama unayolinganishiwa ni mbichi, vimejaa maji. Ni sawa na kuweka dagaa wakavu upande mmoja wa mizani na sangara aliyetoka ziwani sasa hivi upande wa pili, halafu ukatangaza kwamba dagaa wana protini kumzidi sangara. Ukaushe kwanza mchicha wako, uone tofauti hiyo itakavyopungua.

Halafu hakuna anayekula gramu 100 za spirulina kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa kilichojaa unga ni gramu 7 hivi. Ndani yake kuna protini gramu 4 na chuma miligramu 2. Yai moja la kuku lina protini gramu 6. Mchicha uliochemshwa, gramu 100, unakupa chuma miligramu 2, sawa na kile kijiko. Wanaomeza vidonge wako chini zaidi: vidonge sita vya miligramu 500 ni gramu 3 tu, ambazo zina protini isiyofika gramu 2 na chuma kisichofika miligramu 1. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anashauriwa kupata chuma miligramu 18 kwa siku, na mjamzito 27.

Chukua bei ya kopo, igawe kwa gramu za protini zilizomo. Fanya hivyo hivyo kwa kilo ya dagaa, ambao wakikauka protini yao nayo huzidi nusu ya uzito wao, na ukiwala wazima unapata na kalsiamu ya mifupa yao. Hesabu hii kila familia inaweza kuifanya mezani, na naomba ifanywe hasa pale fedha ya kopo inapotoka kwenye fedha ya mboga za watoto. Mama ameambiwa mtoto wake amekonda kwa kukosa spirulina, naye anaacha kununua maharage na mayai ili alipie unga. Mtoto hapo amepunguziwa chakula.

Kwa nini basi kuna anayeitumia na kuona nafuu? Kwa sababu kuna kitu humo. Tafiti kadhaa, nyingi ndogo, zimefuatilia watu waliokula gramu moja hadi kama kumi za spirulina kwa siku kwa wiki au miezi kadhaa. Zikijumlishwa, zinaonyesha lehemu mbaya, yaani ile kolesteroli inayoganda kwenye mishipa, ilishuka kwa kiasi, na presha na sukari zikashuka kidogo kwa baadhi yao. Ni habari njema za kweli, na sioni sababu ya kuzificha. Lakini kushuka kidogo kwa mtu ambaye bado anameza dawa zake si kibali cha kuziacha. Metformini, dawa ya kisukari, na dawa za presha zimepimwa kwa maelfu ya watu kwa miaka mingi, na tunajua zinakinga nini: kiharusi, figo kufeli, upofu. Spirulina haijapimwa kwa kiwango hicho.

Omega-3 iko wapi

Samaki wanasifiwa kwa mafuta ya omega-3, yale ya aina ya DHA na EPA yanayosaidia moyo, na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wanaoyatengeneza tangu mwanzo ni mwani wadogo wa baharini. Vidudu vya majini vinakula mwani, samaki wadogo wanakula vidudu, samaki wakubwa wanakula wadogo, na mafuta yanapanda ngazi mpaka kwenye sahani yako. Kwa hiyo mtu asiyekula samaki anaweza kuruka ngazi zote na kunywa mafuta yaliyokamuliwa kwenye mwani wenyewe. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kirutubisho cha mwani chenye hoja imara kuliko vyote. Hata maziwa ya kopo ya watoto wachanga mara nyingi huwekewa DHA inayotoka huko.

Ila mafuta hayo hayatoki kwenye spirulina wala klorela ya kawaida. Kopo la unga wa spirulina linalotangazwa kwamba lina omega-3 kama ya samaki linasema uongo. Unachotafuta ni kapsuli ya mafuta ya mwani iliyoandikwa miligramu za DHA na EPA. Mtu mzima mwenye afya anatosheka na miligramu 250 za vyote viwili kwa siku. Anayekula dagaa au vibua mara mbili tatu kwa wiki hana haja nayo.

B12 isiyo B12

Hapa nawaomba wasikilize zaidi wale walioacha nyama, maziwa na mayai, iwe kwa imani au kwa afya. Vitamini B12 karibu haipatikani kwenye mimea. Ikikosekana muda mrefu, damu inapungua, na mishipa ya fahamu inaharibika: miguu kufa ganzi, kumbukumbu kupotea. Uharibifu wa mishipa unaweza kubaki hata ukitibiwa baadaye.

Makopo mengi ya spirulina yanadai kuwa na B12 tele. Kilichomo kwa wingi ni kitu kinachofanana nayo kwa umbo lakini mwili hauwezi kukitumia. Bakteria huyo hukitengeneza kwa mahitaji yake mwenyewe, na vipimo vingine vya maabara hukihesabu kama B12 halisi, ndiyo maana namba kwenye kopo inaonekana kubwa. Mtu anameza kila siku akijiona amekingwa, huku akiba kwenye ini lake ikipungua mwaka hadi mwaka. Klorela inaweza kuwa na B12 ya kweli, lakini kiasi hubadilika mno kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Asiyekula chochote cha mnyama anunue vidonge vya B12 yenyewe. Ni vidogo, na kazi yake inajulikana.

Jeli na hadithi ya madini 92

Jeli ya mwani imekuja na msemo wake: ina madini 92 kati ya 102 ambayo mwili unahitaji. Mwili wa binadamu unahitaji madini ishirini hivi. Ukitafuta elementi 92 katika asili itabidi uhesabu na risasi, zebaki, aseniki na urani. Kama kweli zote zimo kwa kiasi cha maana, chupa hiyo iwekwe mbali na watoto.

Mwani wa Ireland uliosifiwa zamani, Chondrus crispus, unaota kwenye miamba ya baridi ya Atlantiki. Kinachouzwa leo kwa jina lake mara nyingi ni Eucheuma au Kappaphycus, aina za bahari ya joto, zile zile zinazolimwa Unguja na Pemba. Hakuna ubaya hapo. Wanawake wa Zanzibar wanaotengeneza sabuni, juisi na achari kwa mwani wao wanastahili kupata faida inayobaki hapa, badala ya kuuza mzigo mkavu kwa kilo tu. Jeli yao ni chakula chenye nyuzinyuzi laini zinazosaidia choo na kukufanya ujisikie umeshiba. Vijiko viwili havina kalori zaidi ya tano, na madini yake ni kidogo kidogo. Inafaa kama kitu cha kuongezea uji au juisi. Haizibui mirija ya uzazi. Mirija iliyoziba ina makovu kwa nje au kwa ndani, na hakuna kinachopita tumboni kinachoweza kwenda kuyakwangua.

Madini joto: pengo na mafuriko

Hili ndilo eneo ambalo mwani unaweza kumdhuru mtu mwenye nia njema kabisa. Madini joto, yale yanayowekwa kwenye chumvi, hutumiwa na tezi ya shingo kutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili mzima. Yakikosekana, shingo inavimba rovu na mtoto tumboni anaathirika ubongo. Ndiyo maana Tanzania na Kenya sheria inataka chumvi ya kula iwekewe madini joto.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Mwani wa baharini unayafyonza kutoka majini, na hapa aina moja hailingani kabisa na nyingine. Karatasi nyeusi za nori zinazofungia wali kwenye sushi zina kiasi kidogo tu. Kombu, mwani mkubwa wa kahawia unaopikiwa supu Japani, gramu moja yake inaweza kuzidi mikrogramu 2,000, wakati kikomo cha juu kilichowekwa Marekani ni 1,100 kwa siku, na Ulaya 600. Kapsuli za mwani wa kahawia zinazouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito hutoka kwenye jamii hiyo.

Tezi ikifurikwa inaweza kwenda mbio au kuzimika. Ikienda mbio, moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unapotea na kilo zinashuka, na mtu anafurahi kwamba kapsuli zimefanya kazi, kumbe anaugua. Ikizimika, anapata uchovu, baridi, uvimbe na uzito. Walio hatarini zaidi ni wenye rovu la zamani, waliokulia maeneo yaliyokuwa na upungufu, na wajawazito, kwa sababu tezi ya mtoto haijui kujikinga na mafuriko.

Sumu: inasafisha au inabeba?

Klorela huuzwa sana kama kisafisha sumu. Hoja ya wauzaji ni kwamba inanata na metali nzito. Ni kweli, mwani hunasa metali zilizomo kwenye maji ulimoota. Lakini hilo linamaanisha kwamba ulioota kwenye maji machafu unakuletea risasi na kadimi ulizokuwa huna. Kazi ya kusafisha damu yako inafanywa na ini na figo, usiku na mchana. Mwani wa hijiki wa Japani una aseniki nyingi ya aina hatari, na tangu mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza imewashauri watu wasiule kabisa.

Sumu nyingine hutoka kwa bakteria jamaa wa spirulina. Ile tandu ya kijani inayofunika maji ya Ziwa Victoria, Ghuba ya Winam upande wa Kisumu na Ghuba ya Mwanza, mara nyingi ina aina zinazotoa mikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Kuchemsha hakuiondoi. Asitokee mtu akachota tandu hiyo, akaianika na kuiuza kama spirulina ya kienyeji. Jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako mwani wa Ziwa Klamath huvunwa na kuwekwa kwenye kapsuli, liliweka mwaka 1997 kikomo cha mikrogramu moja ya mikrosistini kwa gramu ya bidhaa, kwa sababu jamaa hao wabaya huota pamoja na wanaovunwa. Spirulina salama hulimwa kwenye mabwawa yanayosimamiwa, yenye maji yaliyopimwa.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kwanza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa klorela ina vitamini K nyingi inayoivunja nguvu dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo. Mwenye gauti. Mwenye lupasi au ugonjwa mwingine ambapo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Mjamzito, na mwenye tatizo lolote la tezi ya shingo. Mtoto aliyezaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambapo mwili hauwezi kuvunjavunja sehemu moja ya protini, asipewe kabisa.

Ukiamua kununua, geuza kopo usome mgongoni. Tafuta jina kamili la kiumbe kilichomo, mahali kilipolimwa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na nembo ya ubora ya nchi yako kama TBS au KEBS. Ikiwa ni spirulina, muulize muuzaji kama imepimwa mikrosistini na metali nzito. Ikiwa ni mwani wa baharini, kopo liseme kipimo kimoja kina mikrogramu ngapi za madini joto. Kama halisemi, na muuzaji naye hajui, liache dukani.